Lushoto siku nne na mama mkwe: ianze nyika ndo utaielewa milima

Dada umeuliza hivi, nafupisha ili na wengine waelewe: mnatoka Dodoma wewe, mume wako na mama mkwe, mna siku nne, mnataka kwenda Lushoto, umesikia kila mtu anakwambia Irente Irente, ule ukingo wa mlima wa kuangalilia nyika, unaogopa mtafika mpige picha siku ya kwanza afu siku tatu zilizobaki mkae gesti mnaangaliana. Na mumeo kasema Lushoto ni mji wa Wajerumani, kabla yao palikuwa pori tu, unataka kujua ni kweli. Na mama mkwe ana magoti.

Nianze na la mumeo maana hilo ndo linaharibu safari za watu wengi. Kwa mji wenyewe, majengo, boma, barabara, hapo shemeji kapatia, ni Mjerumani, aliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Kaiser Wilhelm wa pili, na wilaya nzima ikabeba jina hilo. Walipapenda kwa sababu ya baridi, mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mtu aliyekuwa anaumwa homa kule pwani akipanda huku anajisikia kama karudi kwao. Lakini hilo la pori tu, hapana kabisa. Wakati wao wanaweka jiwe la kwanza, juu ya milima hii kulikuwa na ufalme uliokuwepo karibu miaka mia na hamsini, una mji mkuu wake, una machifu wake wamepangwa kila bonde, una kodi, una vita vya kugombea kiti, mambo yote ya serikali. Mjerumani alijenga mji mdogo pembeni ya nchi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Ndo maana ukikaa mjini siku nne utachoka, mji ni mdogo, barabara moja kubwa, soko, stendi, makanisa, misikiti, umemaliza. Mji ni mlango, nyumba iko ndani.

Sasa nikupe ufunguo mmoja ambao mimi huwa nawapa watu wote ninaowatembeza huku, tena nawapa kabla hatujapanda. Wenyeji hii nchi yao wanaiita Shambaai, na kwao dunia ina pande mbili, Shambaai huku juu kwenye baridi na migomba na mvua, na nyika kule chini kwenye joto na miiba na ng'ombe. Karibu kila kitu kilichotokea huku kimetokea kwa sababu mtu au kitu kimepanda kutoka nyika au kimeshuka kwenda nyika, ukishalishika hilo hata karoti utaiangalia kwa jicho jingine.

Kwa hiyo anzieni safari Mombo. Mkitoka Dodoma mtapita Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, hapo ndo nyika yenyewe, jua linawaka kweli kweli, mkonge pande zote. Msipite haraka, shukeni mnywe maji, sikieni joto, mwangalie huo ukuta wa milima ulivyosimama mbele yenu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Mombo 1905, na kutoka hapo ndo mizigo ya milimani ilikuwa inasubiriwa. Kule mbele kidogo upande wa Mkumbara Wajerumani walifunga mpaka waya mkubwa wa kushushia magogo ya mwangati kutoka msitu wa Shume huko juu, gogo linaning'inia hewani linashuka kwenye reli. Fikiria mwanakijiji anaona hicho kitu kwa mara ya kwanza.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33, lami, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe upande mwingine korongo. Mama mkwe akae siti ya mbele, na kama anatapika garini ameze dawa kabla ya Mombo, akisubiri kizunguzungu kimpate ndo ameze atakuwa kachelewa. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, udongo unaporomoka na barabara inaweza kufungwa masaa kadhaa, kwa hiyo kama mna uhuru wa kuchagua miezi njooni baada ya hapo. Juni mpaka Agosti ni kavu ila baridi, tena baridi ya ukweli, mtu wa Dodoma mtadhani mnaijua baridi, bebeni sweta mbili mbili na soksi.

Katikati ya njia mtapita Soni, kuna maporomoko ya maji yanaonekana hapo hapo barabarani, watu wanapiga picha wanaondoka. Mi nawaambia hapo Soni ndo pa muhimu kuliko picha, kwa sababu njia ya kwenda Bumbuli na Vugha inachepukia hapo, na Vugha ndo ulikuwa mji mkuu wa ufalme. Hadithi yake nitaisimulia kirefu kidogo, mnivumilie, maana bila hiyo mtaona migomba tu.

Alikuwepo mwindaji anaitwa Mbegha. Huyu si Msambaa, katokea Ngulu, huko kusini, nyika kabisa. Alipozaliwa meno yalianza kuota ya juu, ndo wanaita kigego, na mtoto wa hivyo kwa zamani alionekana ni mkosi kwa ukoo, hakutakiwa kuishi. Yeye aliishi, akakua, akawa fundi wa kuwinda na mjuzi wa dawa, lakini ndugu wakamkataa kwenye urithi, wakamfukuza. Akazunguka, akafika Kilindi, akapendwa sana mpaka mtoto wa chifu akawa anaenda naye porini, siku moja yule kijana akauawa na nguruwe mwitu, Mbegha akajua hapa sina pa kusimama, akakimbia tena, na ndo huko kwenye kukimbia akapanda milima hii. Huku juu watu walikuwa wanalima na nguruwe wanawamalizia mashamba. Yeye na mbwa wake wakawaua nguruwe, nyama akawapa watu bure, wao wakamletea vyakula vya shamba. Ona hapo nyika na mlima vinavyokutana, yeye kaleta nyama wao wakatoa chakula cha shambani. Watu wakaanza kumletea kesi zao aamue, afu usiku wa kuingia Vugha akaua simba, asubuhi wakaona huyu ndo mwenyewe, wakamkalisha kwenye ngozi ya yule simba. Kuanzia hapo kila mfalme anaitwa Simba Mwene, na ukoo wake ukaitwa Wakilindi.

Kama hiyo yote ilitokea neno kwa neno, hilo ni la wazee. Wanahistoria nao wanakubaliana kwamba ufalme ulisimama nusu ya kwanza ya miaka ya 1700. Kuna jambo linanichekesha kila nikiwa msituni Magamba, wale nyani weusi wenye manyoya meupe marefu kwa Kiswahili tunawaita mbega, kwa hiyo mgeni akisikia habari za mfalme Mbegha anadhani namtania.

Cha kuelewa kuhusu mfalme wa Usambara ni mvua. Kazi yake kubwa ilikuwa kuiponya nchi, wao wanasema kuzifya shi, mvua inyeshe kwa wakati, njaa isije. Na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme mmoja mwenye nguvu peke yake, watu wanalipa kodi, mvua inanyesha. Wakiwa wawili wanashindana, kila mmoja na dawa zake, nguvu kwa nguvu, hapo njaa inaingia. Mi naona hii ni siasa nzuri tu imesemwa kwa lugha ya mvua, nchi yenye wakubwa wanaogombana wakulima wake hawali. Na mfalme akifa walikuwa wanaficha kifo mpaka mrithi awe ameshaingia Vugha, watu wasije wakakaa hata siku moja wakijua kwamba kiti ni kitupu.

Aliyefika kileleni ni Kimweri ye Nyumbai, enzi yake utawala ulishuka mpaka pwani, na mmishenari Krapf alipokuja 1848 alimkuta huyo, akarudi tena 1852. Kimweri alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1860 na hapo ndo nyika ikalipiza. Biashara ya msafara ilikuwa imekolea kule bondeni, bunduki zimejaa, na mtoto wake mmoja anaitwa Semboja alikuwa chifu Mazinde, huko huko chini njia ya misafara inapopita. Mwenye bunduki akawa na nguvu kuliko mwenye mvua. Semboja hakuhitaji kukaa Vugha, alikaa bondeni akawasumbua waliokaa juu, vita ikapigwa miaka na miaka, watu wakauzwa utumwa. Na karani wake, Abdallah bin Hemedi, ndo alikuja kuandika historia ya Wakilindi kwa Kiswahili, kwa hiyo mengi tunayoyajua leo yametoka mkononi mwa mtu aliyekaa baraza la Mazinde. Wajerumani walipoingia wakakuta nyumba imeshapasuka. Mwaka 1895 Semboja kafa, na mwaka huo huo mtoto wake Mputa aliyekuwa Vugha Wajerumani wakamnyonga, kwenye kiti wakamweka Kinyashi. Ufalme uliendelea kwa jina mpaka serikali ya uhuru ilipofuta uchifu 1963.

Haya, sasa Irente. Watu wa picha hawajakosea, pale mahali ni pa kushangaza, kilomita tano sita kutoka mjini, unatembea mashambani unafika ukingoni na ardhi inaisha, chini yako karibu mita 1,000 ndo nyika. Lakini wengi wanasimama pale wanasema wow, wanageuka. Wewe simama uangalie moja kwa moja chini, pale penye nyumba na mistari ya mkonge, ndo Mazinde ya Semboja hiyo. Huo ndo umbali wenyewe kati ya bunduki na mvua, unaona paa za watu lakini ukiamua kuwafuata kwa miguu siku imeisha. Na ule mkonge nao una habari yake, ulikuja nchini 1893 kwa mkono wa Mjerumani anaitwa Hindorf, mashamba yakataka watu, wazee wa huku juu wakaletewa kadi za kazi, kipande, kila mwanaume afanye kazi kwa Mzungu siku 30 ndani ya miezi minne. Ndo kushuka nyika kwa lazima huko.

Mama mkwe msimtembeze mpaka Irente, kodini gari au bodaboda anayeendesha polepole, afu mrudi naye mpaka shamba la Irente ambalo liko njiani, ni la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini na mkate mweusi wa Kijerumani na jemu, mnakaa kwenye majani mnakula mchana hapo. Mi sipendi sana ule mkate, naona kama unatafuna mbao, ila wageni wanausifia. Jibini lao nalisifia mwenyewe. Masista wa Ubiri nao wanatengeneza jemu na mvinyo, na wabenediktini wa Sakharani kule njia ya Soni wana mvinyo na makadamia, kwa hiyo kama mumeo anapenda vitu vya mizabibu ana pa kwenda bila kukwambia.

Siku ya pili nendeni Magamba, wewe na mumeo, mama apumzike au atembee sokoni. Magamba ni msitu wa hifadhi uko chini ya TFS, ndo wakala wa serikali wa misitu, kilomita kama sita saba kutoka mjini, kibali kinalipwa kwa kontroo namba, na lazima mwende na muongozaji, msijifanye mnajua njia, ukungu ukishuka hata sisi tunasimama. Ndani kuna mikulo mikubwa, ndo ile mikamforo, kuna mbega, kuna ndege ambao watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaangalia. Kuna na pango ambalo waongozaji watakwambia Wajerumani walijificha wakati wa vita ya kwanza, mi huwa nawaachia wenyewe walieleze. Hii milima ni sehemu ya ile safu inayoitwa Tao la Mashariki, ni ya zamani sana kuliko Kilimanjaro, Kilimanjaro ni mtoto wa volkano tu amezaliwa juzi ukilinganisha. Kwa sababu imekaa peke yake imezungukwa na nyika kavu kama kisiwa, viumbe vyake vimebaki humo humo vikajibadilisha, ndo maana kuna vinyonga na vyura na maua ambayo ukivuka bonde tu huyapati.

Na hapo niseme kitu ambacho watu wanachanganya kila mara. Usambara ziko mbili, Magharibi ambako ndo Lushoto, na Mashariki ambako ndo Amani, katikati kuna bonde la Lwengera. Taasisi kubwa ya utafiti ya Wajerumani ya 1902 ilikuwa Amani, si Lushoto. Na lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanapanda madirishani dunia nzima, Saintpaulia, limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kijerumani kule Tanga, yeye ndo alituma mbegu kwao mwaka 1892 na mwaka uliofuata likaandikwa rasmi na mtaalamu wa mimea anaitwa Wendland. Kwa hiyo msinunue hadithi kwamba liligunduliwa nyuma ya gesti yenu.

Vinyonga, watoto barabarani watakuonesha kinyonga kwenye kijiti ili uwape hela ya picha. Msitoe. Najua ni watoto, lakini ukitoa kesho wanatoa watano msituni. Wapeni salamu. Asubuhi unasema onga maundo, mchana onga mshi, wanaitika niwedi, na asante ni hongea. Mama mkwe akisema onga maundo kwa mama wa sokoni ataongezewa nyanya mbili, nawaambia kabisa, nimeshaona.

Soko lenyewe msilipite. Siku ya gulio, uliza gesti siku gani maana kila mji una siku zake, wanashuka watu kutoka vijiji vyote na mizigo kichwani, kabichi, karoti, hoho, liki, viazi, maharage, na kuanzia mwisho wa mwaka matunda ya baridi, plamsi, pichesi, peasi. Hizo karoti zinakwenda Tanga, Dar, zinalala njiani usiku na asubuhi ziko sokoni mjini, ndo biashara ya kushuka nyika ya siku hizi, badala ya pembe na watumwa ni kabichi. Lakini zamani chakula cha huku kilikuwa ndizi. Mboga za kizungu zilikuja na misheni na walowezi, Kwai kulikuwa na shamba la majaribio la serikali ya Kijerumani, wenyeji waliofanya vibarua wakachukua mbegu na ujuzi wakapanda kwao. Ukitaka cha asili uliza bada, ndo ugali wao, na ukiona watu wazima wamekaa na ndoo ya kitu cha miwa jioni hiyo ni boha, onja kidogo tu, inakuja taratibu afu inakukuta umekaa.

Kuna jambo la matuta ambalo watu hawaulizi na mi huwa nalisema hata nisipoulizwa. Mkipita mtaona milima imekatwa ngazi ngazi, na wageni wanasema jamani hawa watu wanajua kuhifadhi udongo. Wanajua ndiyo, lakini kila tuta lina ugomvi wake. Mwaka 1946 hivi serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango Mlalo, baadae ukaenezwa Usambara nzima, kila kaya ilazimishwe kupiga matuta kwenye sehemu fulani ya shamba, asiyepiga faini au jela. Kwenye karatasi ilikuwa sayansi. Shambani ilikuwa kazi ngumu isiyo na malipo, tena wa kuifanya zaidi walikuwa kina mama, na machifu ndo wakawa wa kusimamia, yaani yule ambaye kazi yake ni kuiponya nchi sasa anawapeleka watu jela kwa ajili ya jembe. Watu wakasema hii ndo kubana shi yenyewe. Ule upinzani ndo uliwaandaa watu wa huku kuipokea TANU, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umeshakufa. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine wa udongo, SECAP, kwa msaada wa Wajerumani tena, safari hii kwa majani ya ng'ombe na miti, na watu wakakubali zaidi maana ng'ombe analipa. Kwa hiyo ukiona tuta lenye majani ya kulishia pembeni ujue hilo limeshapita kwenye mkutano.

Siku ya tatu inategemea magoti. Kama mama yuko vizuri kwenye gari, nendeni Mlalo au Mtae, kama hayuko vizuri nendeni Vugha maana ni karibu. Mlalo iko ndani ya bonde zuri sana, ina zile nyumba za udongo za ghorofa na roshani za mbao, sijaziona namna ile mahali pengine, na misheni ya Kilutheri ya pale ni ya 1891, ya zamani kuliko mji wa Lushoto wenyewe. Mwambie mumeo hilo. Mtae ni mbali, kama kilomita 60 za vumbi, lakini ni kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima kama mtu kakaa juu ya ukuta, nyumba upande huu nyumba upande huu na chini nyika ya Mkomazi, ukungu ukiondoka jioni unaona milima ya Upare na siku ya bahati Kilimanjaro. Wenye nguvu wanakwenda kwa miguu, Lushoto, Lukozi, wanalala kwa masista wa Rangwi, wanaibukia Mtae, siku tatu mpaka tano. Nyie kwa siku nne kodini gari, basi la kurudi linaondoka usiku wa manane watu bado wamelala, mama mkwe hatakusamehe.

Njiani muulizieni muongozaji habari za Wambugu. Hawa ni wafugaji, wanaishi milima hii hii pembeni ya Wasambaa, na wana lugha, Kima'a, ambayo wataalamu wa lugha duniani wamegombania miaka mingi. Sarufi yake iko kama Kipare, viambishi vyote vya Kibantu, lakini maneno mengi ya kawaida ni ya Kikushi, jamaa za Kiiraqw huko. Yaani ni kama mtu avae kanzu ya huku na mwili wa huko. Maelezo moja ni kwamba walitaka kubaki wao katikati ya Wabantu, wakameza sarufi ya majirani lakini maneno wakakataa kuyaacha. Ng'ombe pia hawakuwaacha.

Vugha kama mtakwenda, msitegemee jumba la kifalme. Ni kijiji, migomba, shule, kanisa. Wazee wapo na sehemu za kifalme zipo, ila haziingiliwi hivi hivi, mnatafuta mwenyeji mjini kwanza awapelekee taarifa, mnakwenda mmevaa vizuri, mama mkwe ndo awe mbele maana mwenye mvi ndo anasalimiwa kwanza, kamera mfukoni mpaka mruhusiwe. Kama yeye ni Mlutheri wa zamani atafurahi zaidi, maana misheni ya Vugha ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na vitabu vingi vya kanisa vya Kiswahili vya zamani vimechapwa hapo, afungue ukurasa wa mwanzo wa kitabu chake cha nyimbo nyumbani anaweza akakuta jina.

Mjini kwenyewe nusu siku inatosha. Kanisa la enzi za Mjerumani, boma, kituo cha utafiti wa misitu ambacho kina makusanyo ya mimea iliyokaushwa, ukiomba kwa adabu wanakuonesha. Chuo cha Mahakama kipo hapo, ndo maana mtakutana na mahakimu wamevaa makoti wananunua mahindi ya kuchoma. Na Kwembago, kilima cha hapo karibu ambako machifu wa Kikilindi walikaa, mnapanda polepole jioni, mji wote uko chini yenu, na hapo mumeo ataona mwenyewe nani alikuwa juu na nani alikuja kujenga bondeni.

Malazi msihangaike, gesti za kawaida zipo karibu na stendi, za misheni ni safi na kimya ila wengine hawauzi bia, na kambi nzuri ziko nje ya mji. Ulizeni maji ya moto yapo saa ngapi, si yapo au hayapo, maana wote watasema yapo. Chukueni hela taslimu ya kutosha kabla ya kwenda Mlalo au Mtae. Na siku ya nne msipande basi la alfajiri, lalani mpaka saa mbili, ukungu uondoke, shukeni na kosta mpaka Soni, mnunue plamsi kama ni msimu wake, mama akae kwenye jiwe aangalie maji. Yale maji yanatoka Magamba na yanakwenda nyika, mtayafuata mpaka Mombo na kwenye kona kama ya kumi kutoka chini mtaanza kuvua masweta.